Kabla ya kuuliza uwekeze wapi

*"Mshauri, nina umri wa miaka 41. Nimeajiriwa, nina watoto wawili, wa miaka 12 na 7, na mama yangu mzazi ananitegemea. Kila mwezi nakatwa mchango wa pensheni. Kwa miaka yote ya kazi nimefanikiwa kuweka akiba inayotosha matumizi ya miezi minane, na yote iko benki. Nina mkopo wa riba ya asilimia 24 kwa mwaka ambao bado naulipa, na kuna mwenzangu kazini nimemdhamini mkopo wake. Sasa mmoja ananiambia ninunue kiwanja, mwingine ananiambia nipeleke zote kwenye hisa. Nitastaafu nikiwa na miaka 60. Niziweke wapi ili nisije nikawa mzigo kwa wanangu?"*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwenye neno "mzigo" nasimama. Ndilo neno ninalolisikia zaidi kwa watu wachapakazi kama wewe, watu ambao wamebeba wengine maisha yao yote na hawataki kubebwa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako linastahili, na kwa sababu jibu fupi, yaani "nunua hiki", ndilo linaloponza wengi.

Umeuliza uziweke wapi. Naomba tuanze na swali jingine: ni nini kinachoweza kukulazimisha uzitoe kabla ya wakati?

Nilikuwa na mteja aliyenunua vipande vya mfuko wa hisa mwaka 2007. Alisoma, akauliza, akalinganisha, na chaguo lake halikuwa baya hata kidogo. Kisha masoko yakaanguka. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, faharisi ya S&P 500 ya Marekani, ambayo hufuata bei za kampuni 500 kubwa, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Hilo peke yake lisingemmaliza, maana aliyetulia alirudi alipokuwa kufikia mwaka 2013. Kilichommaliza ni kwamba anguko lilelile lililoshusha hisa zake ndilo lililomfanya mwajiri wake apunguze wafanyakazi. Akawa nyumbani, karo inadaiwa, kodi ya nyumba inadaiwa, na fedha pekee aliyokuwa nayo ni vile vipande. Alikuja kwangu na karatasi ya mauzo, akaniwekea kidole kwenye tarehe: Februari 2009. Soko liligeuka mwezi uliofuata. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza kama alikosea kuchagua mfuko.

Hakukosea mfuko. Alikosa matumizi ya miezi sita yaliyokaa pembeni.

Ndiyo maana nakwambia usalama wa muda mrefu hauanzii kwenye faida. Unaanzia pale unapohakikisha kwamba hakuna siku utakayolazimika kuuza kitu kizuri kwa bei mbaya. Kwenye barua yako naona mambo manne yenye nguvu ya kukulazimisha: mkopo, udhamini, afya ya mama, na mshahara wako wenyewe, ambao watu wanne wanautegemea. Tuyachukue hayo, ndipo tuje kwenye kiwanja na hisa.

Kwa kuwa hukunitajia viwango, nitapiga hesabu kwa kuuita mshahara wako wa mkononi 100. Wewe badilisha kwa namba zako. Tuseme matumizi yote ya nyumba, pamoja na karo na huduma ya mama, ni 75. Marejesho ya mkopo ni 12. Zinabaki 13. Akiba yako ya miezi minane ni 600. Mkopo uliobaki, tuseme, ni 200.

Angalia sasa kinachotokea hapo. Benki inakulipa labda asilimia 5 kwa akiba yako, na wewe unamlipa mkopeshaji asilimia 24. Katika ile 600, kuna 200 inayokuingizia 10 kwa mwaka, huku deni la 200 likikutoza karibu 48. Ukiendelea kulipa 12 kila mwezi utalimaliza baada ya miezi 20 na ushee, na utakuwa umetoa riba ya karibu 46, yaani nusu ya mshahara wa mwezi mmoja imekwenda bure. Hakuna hisa wala kiwanja duniani kinachokuhakikishia asilimia 24 kwa mwaka. Kulimaliza deni hilo kunakuhakikishia. Toa 200 kwenye akiba, lilipe lote. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi kama kuna tozo ya kulipa mapema, na ukishalipa dai barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Watu hudharau barua hiyo, kisha miaka miwili baadaye jina lao linatokea kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Najua inauma kuona akiba inashuka kutoka 600 hadi 400 kwa siku moja. Nimewaona watu wakikataa kabisa, kwa sababu ile namba kubwa kwenye daftari la benki inawapa usingizi. Lakini ile 200 ilikuwa ya mkopeshaji. Wewe ulikuwa unamhifadhia tu, tena kwa gharama yako.

Udhamini ni mgumu zaidi, maana hapo kuna urafiki. Mdhamini ni mdaiwa wa pili. Mwenzako akishindwa, mkopeshaji hana haja ya kumfuata kwanza hadi mwisho wa dunia; mikataba mingi inamruhusu akugeukie wewe moja kwa moja, pengine kwa kukata mshahara. Nenda ukasome ulichosaini. Tafuta mambo matatu: kiasi cha juu unachowajibika, muda wa dhamana, na kama dhamana inafuata hata mikopo mipya atakayoongeza. Kisha kaa na mwenzako, kwa heshima, umwombe akuonyeshe salio. Kiasi hicho kiandike kwenye daftari lako kama deni lako mpaka siku litakapokwisha. Na safari nyingine ukiombwa udhamini, jiulize kama ungekuwa tayari kumpa mtu huyo fedha hizo taslimu leo. Kama jibu ni hapana, usisaini.

Sasa 400 iliyobaki. Hiyo ndiyo akiba yako ya dharura, zaidi kidogo ya miezi mitano ya matumizi. Kwa mtu mwenye kipato kimoja na wategemezi watatu, mimi sishuki chini ya miezi mitano. Mtu mmoja asiye na mtoto, mwenye ujuzi unaotafutwa, anaweza kuishi na mitatu, wewe huwezi. Ikae mahali ambapo unaweza kuipata ndani ya siku moja au mbili, na pasiwe na kadi unayotembea nayo. Unaweza kuigawa: sehemu kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, sehemu kwenye amana ya muda mfupi au mfuko wa soko la fedha, ambao hununua dhamana za serikali za muda mfupi. Usiitafutie faida kubwa. Kazi yake ni kuwepo.

Umeona lililotokea? Baada ya kulipa deni na kutenga dharura, hakuna kilichobaki cha kununulia kiwanja wala hisa. Wenzako wanabishana juu ya fedha ambazo tayari zina kazi. Hata hivyo umepata kitu: ile 12 ya marejesho imerudi mkononi mwako. Ukijumlisha na 13 iliyokuwa inabaki, kila mwezi una 25. Hiyo ndiyo mbegu yako ya uzeeni, na ni mbegu nzuri.

Nitakuomba 5 kati ya hiyo iende kwenye bima. Nisikilize hapa, maana watu wengi hukunja uso nikifika kwenye bima. Piga picha kwamba mshahara wako umekatika kesho, si kwa kufukuzwa kazi, kwa kufa. Watoto na mama watahitaji, tuseme, 50 kwa mwezi. Ile 400 itawafikisha miezi minane. Mtoto wako mdogo ana miaka 7. Mpaka afike 22 ni miaka 15, na 50 kwa mwezi kwa miaka 15 ni 9,000. Hakuna namna ya kuweka akiba ya 9,000 mwaka huu. Bima ndiyo chombo pekee kinachoweza kuziba pengo la ukubwa huo tangu siku ya kwanza, kwa sababu wengi wanachanga na wachache ndio wanaofikwa. Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1740 huko Uskoti, wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, waliunda mfuko wa wajane na yatima wa wachungaji wenzao. Walikaa wakahesabu ni wachungaji wangapi hufariki kila mwaka na huacha wajane wangapi, wakapanga michango kufuata hesabu hiyo badala ya kufuata huruma ya mwaka husika.

Kwa hali yako, omba bima ya maisha ya muda maalumu: unalipia miaka 15, ukifariki ndani ya muda huo wanao wanalipwa, ukiwa hai mkataba unakwisha na hurudishiwi kitu. Utashawishiwa kuchukua ile inayochanganya bima na akiba, inayokurudishia fedha mwishoni. Ipo mizuri, lakini kwa mchango uleule kinga yake huwa ndogo zaidi, na ukiivunja katika miaka ya mwanzo unaweza kurudishiwa pungufu kabisa. Mimi hupendelea kuvitenganisha: bima inunue kinga, akiba iweke akiba. Uliza pia kuhusu malipo ukipata ulemavu na kushindwa kufanya kazi. Mtu akifa, matumizi yake yanakoma. Akilemaa, kipato kinakatika na matumizi yanapanda. Ajabu ni kwamba wengi wana ile ya kwanza na hawana hii ya pili.

Na mama. Kama hayumo kwenye bima yoyote ya afya, tafuta kumwingiza mapema, maana kila mwaka unaopita mchango hupanda na milango hufungwa. Ikishindikana, mtengee mfuko wake mdogo, wenye jina lake, ndani ya ile akiba ya dharura. Ongea na ndugu zako, kama unao, kabla hajaugua. Mgawanyo wa gharama unaozungumzwa kwenye korido ya hospitali mara nyingi humwangukia aliyefika kwanza.

Hapo sasa ndipo nafasi ya swali lako.

Wahenga walituambia akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokauka vizuri na mali nyingine za namna hiyo, sawa. Fedha taslimu inaoza, tena polepole kiasi kwamba huisikii harufu. Chukua 72, uigawe kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata miaka ambayo bei zitachukua kuwa maradufu. Kanuni hii imo tayari kwenye kitabu cha hesabu cha Luca Pacioli kilichochapwa Venice mwaka 1494, na bado inafanya kazi. Mfumuko ukiwa asilimia 6, bei huwa maradufu kila miaka 12. Kwa miaka 19 iliyobaki hadi ustaafu, 100 iliyokaa bila riba itakuwa inanunua kile ambacho leo unanunua kwa 33. Theluthi mbili zimeliwa na hakuna mwizi aliyeingia. Kwa hiyo fedha ya dharura tunakubali ioze kidogo, maana ni ya kesho au mwezi ujao. Fedha ya uzeeni haiwezi kukaa hapo.

Tukitenga ile 20 kila mwezi kwa ajili ya uzee, itafika wapi? Nimechukua ongezeko la asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei. Hiyo ni dhana ya kupangia, si ahadi, na maana yake namba zote hapa ni za thamani ya leo. Kwa 240 kwa mwaka, miaka 19, utakuwa na karibu 6,640. Ukipata nusu ya ongezeko hilo, asilimia 2 tu, utakuwa na karibu 5,480. Sasa jaribu lingine: ongezeko ni zuri, asilimia 4, ila umesubiri miaka mitano, ukaanza na miaka 46. Unapata 4,390.

Rudia kuzisoma namba hizo. Kukosea uwekezaji, kwa maana ya kupata nusu ya ulichotegemea, kumekupunguzia 1,160. Kusubiri kumekupunguzia 2,250, karibu mara mbili. Mwenzako anayekwambia hisa na anayekwambia kiwanja wanaweza kubishana miaka mitano, na kitakachokugharimu zaidi ni ile miaka mitano.

Je, 6,640 inatosha? Ukistaafu, watoto watakuwa wamejitegemea, kwa hiyo tuseme utahitaji 55 kwa mwezi badala ya 75. Pensheni ya mfuko wako, tuseme, italipa 30. Pengo ni 25 kwa mwezi, 300 kwa mwaka. Sisi washauri hutumia kipimo kilichotokana na kazi ya William Bengen, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1994 uchunguzi wake wa masoko ya kwao kuanzia 1926. Aliona kwamba mstaafu aliyetoa asilimia 4 ya fungu lake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kulingana na bei, hakuishiwa ndani ya miaka 30, hata alipostaafu wakati mbaya. Ukiigeuza, unahitaji fungu la mara 25 ya pengo la mwaka: 300 mara 25, yaani 7,500. Takwimu zake ni za nchi moja iliyofanikiwa sana, kwa hiyo ichukue kama dira.

Umepungukiwa kama 860. Usishtuke. Ukifanya kazi miaka miwili zaidi, hadi 62, lile fungu linafika karibu 7,670 na umevuka. Au uchukue njia ninayoipenda zaidi, ya kuongeza mchango kila mshahara unapopanda. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walieleza mwaka 2004 mpango waliouweka mahali pa kazi: wafanyakazi walikubali mapema kwamba kila nyongeza ya mshahara, sehemu yake iende kwenye akiba kabla hawajaizoea. Katika miezi 40, waliojiunga walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Hawakukaza mkanda; hawakuwahi kuiona ile fedha. Kwa hiyo andika agizo benki: siku ya mshahara, 20 iondoke yenyewe. Na nyongeza ikija, nusu yake iongezwe kwenye agizo wiki hiyohiyo. Nusu nyingine furahini nyumbani, kwa moyo safi.

Kiwanja. Sikikatai. Nyumba isiyodaiwa uzeeni ni ulinzi mkubwa kwa sababu inapunguza ile 55 yenyewe. Asiyelipa kodi ya nyumba anahitaji fungu dogo zaidi. Kiwanja cha kujenga uishi nakiunga mkono wakati wake ukifika. Kinachonitia hofu ni kiwanja cha "kuwekeza" kinachomeza akiba yote. Kiwanja hakimegeki. Mama akilazwa, huwezi kuuza kona ya kushoto ukalipe hospitali ukabaki na mengine. Unauza chote, kwa haraka, na mnunuzi anayejua una haraka ana bei yake. Hakiingizi kitu mpaka ukijenge au ukikodishe, na kinadai kodi, ulinzi na wakati mwingine kesi. Ukifika wakati wa kununua, hati ihakikiwe kwenye ofisi ya ardhi yenyewe, na usikubali nakala unayoletewa na muuzaji.

Hisa nazo zina ukweli wao. Kwa muda mrefu, kumiliki sehemu ya kampuni nyingi kumewalipa watu kuliko kukopesha benki, lakini "muda mrefu" ni neno zito. Faharisi ya Dow Jones ya New York ilifika 381 Septemba 1929, ikaanguka hadi 41 Julai 1932, na haikurudi pale ilipokuwa hadi Novemba 1954. Faharisi ya Nikkei ya Japani ilifika kileleni Desemba 1989, ikapita kiwango hicho tena Februari 2024, baada ya miaka 34. Hizo ni bei tu, bila kuhesabu gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, na anayenunua kidogo kidogo kila mwezi huwa amenunua pia zilipokuwa chini. Bado somo linabaki: usiweke uzee wako kwenye soko la nchi moja, na usiweke kwenye kampuni moja hata kama ndiyo inayokuajiri. Hasa hiyo, kwa sababu siku inapoyumba utapoteza mshahara na akiba kwa pamoja.

Kwa hiyo ile 20 ningeigawa hivi: theluthi mbili kwenye mfuko wa hisa mpana, unaoshika kampuni nyingi za nchi nyingi, na theluthi moja kwenye hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, au mfuko wa hati hizo. Ukifika miaka 55 anza kuhamisha taratibu kutoka hisa kwenda hati fungani. Siku ya kustaafu uwe na pengo la miaka miwili, yaani 600, limekaa kwenye amana. Hiyo 600 ndiyo itakayokuvusha soko likianguka mwaka uleule unaostaafu, ili usiuze kama yule mteja wangu alivyouza Februari. Anguko la miaka ya mwanzo ya kustaafu linadhuru kuliko anguko la ukubwa uleule miaka 15 baadaye, kwa kuwa unachota kwenye fungu linalopungua.

Karo ya chuo ya mtoto wako wa miaka 12 iko miaka sita mbele. Hiyo isiguse hisa kwa wingi, na ikibaki miaka mitatu isiguse kabisa.

Kabla hujasaini mfuko wowote, uliza ada ya mwaka. Asilimia 2 inasikika kama kitu kidogo. Fungu linalokua kwa asilimia 6 kwa miaka 19 linaongezeka mara tatu. Likikatwa ada ya 2 na kubaki na 4, linaongezeka mara 2.1. Ada imekula asilimia 30 ya ulichopaswa kuwa nacho. Ndiyo sababu mifuko ya faharisi, ambayo hununua soko zima bila kumlipa mtu achague, imependwa. Wa kwanza kwa ajili ya watu wa kawaida ulianzishwa na John Bogle wa Vanguard mwaka 1976. Ulitarajia kukusanya dola milioni 150, ukapata milioni 11, na wengi wakaubeza.

Na mtu akikuahidi faida isiyotikisika, ondoka. Charles Ponzi, Boston, 1920, aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, na mtu makini angemshtukia. Bernard Madoff alikuwa hatari zaidi: alitoa kama asilimia 10, mwaka hadi mwaka, bila kelele, mpaka alipokamatwa Desemba 2008. Muulize yeyote anayetaka fedha zako: nani anazishika kimwili, nani anamkagua, na je, naweza kutoa robo yake mwezi ujao? Kisha, baada ya miezi michache, toa kiasi kidogo kweli uone.

Kuna hatari moja watu hawaioni kama hatari: kuishi sana. Mwaka 1965 huko Arles, Ufaransa, mwanasheria mmoja alikubaliana na bibi wa miaka 90, Jeanne Calment, amlipe faranga 2,500 kila mwezi mpaka atakapokufa, kisha nyumba yake iwe ya mwanasheria. Hesabu ilionekana nzuri. Mwanasheria alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 77, akiwa amelipa zaidi ya mara mbili ya bei ya nyumba. Mjane wake akaendelea kulipa. Bibi Calment alifariki 1997 akiwa na miaka 122. Nakusimulia hili kwa sababu utakapostaafu huenda utaruhusiwa kuchagua kati ya mkupuo mkubwa na malipo ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha, na mkupuo utakuwa unang'aa. Malipo ya kila mwezi ndiyo pekee yasiyokuuliza utaishi hadi lini. Usiyauze yote kwa ajili ya mkupuo.

La mwisho ni karatasi. Kuna familia niliyoisaidia ambapo baba alikuwa ameacha wasia mzuri, umeandikwa na wakili. Lakini fomu ya mnufaika kwenye mfuko wake wa pensheni aliijaza siku ya kwanza ya kazi, akiwa kijana, na jina lililokuwemo ni la mama yake, aliyekuwa ametangulia miaka tisa kabla. Katika nchi nyingi mfuko hufuata fomu, si wasia. Mke na watoto walizunguka maofisini miezi 14 wakitafuta hati za mirathi za bibi. Ile fomu ina ukurasa mmoja.

Kwa hiyo wiki hii usinunue kitu. Nenda kwa ofisa rasilimali watu, ombeni pamoja taarifa ya michango yako yote na makadirio ya pensheni ukiwa na miaka 60 na ukiwa na 62. Hakikisha kila mwezi uliokatwa umefika kwenye mfuko; miezi iliyopotea ni rahisi kuidai leo kuliko miaka 19 baadaye. Ukiwa hapohapo, omba fomu ya wanufaika ujaze upya, na majina ya watoto yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa, herufi kwa herufi. Ukipata yale makadirio, futa 30 niliyoikisia mimi na uweke namba halisi, kisha upige upya hesabu ya pengo. Niandikie ikishindikana, tutaipiga pamoja.